Uchambuzi wa kisa: Mjane aliyeitwa mchawi katika milima ya Gusii, na imani ilivyohusika

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha milima ya Gusii, magharibi mwa Kenya. Majina, tarehe kamili na alama za mahali zimeondolewa, na mambo mawili matatu madogo yamebadilishwa ili familia husika zisitambuliwe. Mimi nilihusika kama msaidizi wa kisheria wa jamii. Timu yetu iliitwa siku iliyofuata baada ya nyumba kuchomwa, kwa hiyo yaliyotangulia nimeyapata kwa waliokuwapo.

Nimekiandika kwa sababu kila tulipokaa kukijadili, watu waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulisema dini na imani za kichawi ndizo zinazoua wazee wetu. Upande wa pili ulisema hii ni tamaa ya shamba tu, dini isiguswe. Kila upande ulikuwa na mtu uliyemwondolea lawama, na ukifuata kisa hiki hatua kwa hatua unaona ni nani.

Usuli

Mjane huyo, nitakayemwita Nyanya kama wanavyomwita majirani, alikuwa amepita miaka sabini. Mumewe alifariki zamani, mwanawe wa pekee alifariki baadaye, na binti zake wawili wameolewa mbali. Alibaki peke yake kwenye shamba lisilofika ekari mbili: nusu majani chai, nusu ndizi na mahindi, na kando ya nyumba kijibustani cha chinsaga, mboga za kienyeji alizouza sokoni.

Hati ya shamba ilikuwa bado kwa jina la baba mkwe. Mzee yule alipofariki hakuna aliyefungua kesi ya urithi, na mumewe Nyanya alipofuata, hali ilibaki vilevile. Upande wa juu amepakana na mtoto wa shemeji yake, ambaye hapa ni Mpwa. Miaka mitatu kabla ya tukio Mpwa alipanda mikaratusi ndani ya mpaka wa Nyanya. Naibu chifu aliwaita mara mbili, wazee wakapima kwa kamba, miti ikaamriwa kung'olewa. Haikung'olewa.

Kwa mtu wa mbali hicho ni kipande kidogo cha kugombania. Lakini sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.26 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanategemea kulima. Kijana anayerithi robo ekari pamoja na ndugu zake watatu hulitazama shamba la mjane asiye na mtoto wa kiume kwa jicho ambalo babu yake hakuwa nalo.

Mambo mengine mawili kumhusu Nyanya yalikuja kutajwa sana. La kwanza, alijua dawa za mitishamba za matumbo ya watoto wachanga, na nusu ya watoto wa kijiji hicho wamewahi kulazwa mapajani mwake wakakandwa. La pili, macho yake ni mekundu. Tulipofika tulikuta jiko lake limeungua, lakini ukuta mmoja ulikuwa umesimama: udongo uliogeuka mweusi kwa masizi ya miaka na miaka, mafiga matatu chini, na hakuna dirisha. Mtu aliyeinama humo asubuhi na jioni kwa miaka hamsini, akipuliza kuni mbichi, hawezi kuwa na macho meupe. Usukumani nchini Tanzania vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayohayo.

Kuhusu dini: Wakatoliki na Wasabato walifungua misheni zao Gusii mwanzoni mwa miaka ya 1910, na katika kisa hiki sikukutana na mtu hata mmoja ambaye hajabatizwa. Nyanya mwenyewe alikuwa mshirika wa kanisa la zamani la misheni tangu ujana wake. Karibu na soko kulikuwa na kanisa jipya la maombezi, linaloongozwa na kijana anayeitwa nabii, mgeni katika eneo hilo. Na karibu kila mtu, wa kanisa la zamani na la jipya, aliamini kwamba wachawi wapo. Hilo nalisema mapema kwa sababu uchambuzi wote unasimama juu yake.

Eneo lenyewe lina historia nzito. Kati ya 1992 na 1994 watu wengi waliuawa Gusii kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Mei 2008 watu 11, wengi wao vikongwe, walichomwa hadi kufa katika eneo hilohilo la milima. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa Marani baada ya kudaiwa kumroga mwanafunzi.

Mfuatano wa matukio

Mvulana wa kidato cha pili, mtoto wa jirani wa upande wa chini, alianza kuumwa kichwa, kisha shingo ikakakamaa, akawa anaweweseka. Alipelekwa hospitali. Karatasi ya daktari, ambayo baba yake ametuonyesha, iliandika homa ya uti wa mgongo. Bili ilipopanda familia ilimtoa kabla ya wakati, ikampeleka kwenye kanisa la maombezi. Alikaa huko siku kadhaa akiombewa. Alifariki Jumatano.

Ijumaa usiku kulikuwa na kesha. Nabii alisema kifo hicho si cha Mungu. Alisema aliyehusika yuko karibu, ni mwanamke, mlango wake unatazama mashariki, na anafuga kuku mweusi. Jina hakulitaja. Waliohudhuria wote tuliozungumza nao wanakubaliana juu ya hilo: jina hakulitaja. Lakini Jumamosi asubuhi, kabla soko halijajaa, jina la Nyanya lilikuwa midomoni mwa waendesha boda boda wote kwenye steji.

Jumapili, katika kanisa la zamani, Nyanya alikaa mahali pake pa siku zote. Hakuna aliyekaa naye kwenye benchi. Mchungaji alikuwa amesikia habari zile asubuhi hiyo na akahubiri somo lake kama lilivyopangwa, juu ya zaka.

Mazishi yalikuwa Jumatatu. Yalipokwisha, jioni, kikundi cha vijana kama thelathini kiliondoka pale kikashuka njia ya kwenda kwa Nyanya. Watu wengi waliwaona, na kila aliyewaona alitaja jambo moja bila kuulizwa: walikuwa wakiimba pambio lilelile walilolisikia kaburini. Mmoja alibeba petroli kwenye chupa ya maji.

Habari iliwatangulia kwa simu. Kijana wa boda boda alimpigia mama yake, ambaye yuko chama kimoja na Nyanya. Wanawake watano wa chama walimtoa kupitia mistari ya majani chai, wakamficha kwenye banda la kununulia chai ambalo jioni huwa tupu, na baadaye yule kijana akampakia hadi kwenye zahanati ya masista. Huku nyuma, mzee mmoja wa kanisa la zamani alisimama langoni peke yake. Aliwazuia vijana karibu nusu saa kwa maneno, kisha wakamsukuma, akaanguka, mkono ukavunjika. Nyumba na jiko vilichomwa, kuku wote wakauawa, mbuzi akachinjwa na kuliwa. Miti ya chai haikuguswa hata mmoja.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Naibu chifu alikuwa na chaguo mbili: kumlinda Nyanya nyumbani kwake au kumhamisha. Hakuwa na askari hata mmoja, na polisi aliowapigia walimwambia gari liko mbali. Lilifika baada ya saa moja na nusu. Akawaagiza wanawake wamtoe. Uamuzi huo uliokoa maisha, na sina la kuupinga. Gharama yake ni kwamba boma lake lilibaki tupu, na boma tupu la mjane ni mwaliko.

Mchungaji alituambia aliamua kunyamaza Jumapili ili asiupe uvumi uzito. Naielewa hoja hiyo; uvumi mwingi hufa ukiachwa. Lakini huu ulikuwa tayari na saa yake ya kulipuka, yaani mazishi, na aliijua.

Mzee wa langoni ndiye ninayetaka kukaa naye zaidi. Tulimkuta hospitalini mkono umefungwa plasta, tukamuuliza aliwaambia nini vijana. Tulitarajia aseme aliwaambia kwamba Nyanya hana hatia. Hakusema hivyo. Alituambia waziwazi kwamba yeye binafsi anamdhania Nyanya kuwa mchawi, na kwamba amemdhania hivyo tangu alipooa. Aliwaambia vijana hivi: "Kama ni mchawi, Torati inataka mashahidi wawili au watatu. Nani kati yenu amemwona usiku? Aje hapa mbele ataje alichokiona na siku aliyokiona." Kijana mmoja alimjibu kwa mstari wa Kutoka 22:18, unaosema mwanamke mchawi asiachwe kuishi. Mzee akarudi palepale: mashahidi wako wapi? Nusu saa ile ya mabishano ya Maandiko ndiyo iliyowapa wale wanawake muda wa kuvuka bonde.

Baada ya wiki tatu, wazee wa ukoo walileta pendekezo. Nyanya arudi, lakini kwanza aombewe hadharani na kutakaswa, kisha familia hizo zile chakula pamoja. Wazee walilitoa kwa nia njema. Ndiyo njia wanayoijua ya kumrudisha mtu bila damu. Timu yetu iligawanyika. Mwenzangu mmoja, mwenye uzoefu mkubwa kuliko wangu, alisema heri mtu awe hai na alale kwake, heshima itatafutwa baadaye. Wengine tuliona kwamba kutakaswa ni kukiri, na kwamba kifo kingine kikitokea kijijini watu watasema uchawi umemrudia. Nyanya mwenyewe alimaliza mjadala. Alituambia, "Nitakaswe nini? Yule mtoto nilimkanda tumbo akiwa na siku nne. Nikikubali kuoshwa, nimekubali nimemuua." Tulisimama naye. Kwa kusimama naye, tulijua harudi kijijini karibuni.

Jambo la mwisho tulilolifanya lilionekana dogo. Tuliwasaidia binti zake kupata barua ya chifu, kufungua kesi ya urithi, na kuweka zuio kwenye sajili ya ardhi ili shamba lisiuzwe wala kugawanywa hadi mahakama iamue. Wengine walituuliza mbona tunashughulika na karatasi wakati kikongwe amechomewa nyumba.

Matokeo

Vijana wanne walikamatwa, wakashtakiwa kwa kuchoma nyumba kwa makusudi. Wawili waliachiliwa kwa kukosa ushahidi. Kesi ya wawili waliobaki ilisikilizwa hadi mashahidi wakaacha kufika, ikafutwa. Watu watatu walituambia kwamba Mpwa alikuwa njiani usiku ule na kwamba ile chupa ilitoka kwake. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuyasema kortini, na kwa hiyo nayaandika kama madai tu.

Nabii hakushtakiwa. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa 1925 wakati wa ukoloni na ambayo ni sura ya 67 ya sheria za Kenya, inafanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa. Lakini sheria hiyohiyo inamwachia anayepeleka tuhuma kwa chifu au polisi, na juu ya hilo nabii hakutaja jina. Alihamisha kanisa lake miezi michache baadaye.

Nyanya yuko kwa binti yake mkubwa, kaunti nyingine. Majani yake ya chai huchumwa na wanawake wa chama na malipo yanamfikia. Mikaratusi imeng'olewa. Iling'olewa mwezi uleule ambao zuio liliandikwa, bila mtu kuamriwa tena.

Uchambuzi: imani ilifanya nini, na haikufanya nini

Waweke watu watatu pamoja. Mzee wa langoni aliamini kwamba Nyanya ni mchawi, na akavunjwa mkono akimwokoa. Mama wa marehemu aliamini na anaamini hadi leo. Hana mpaka wala shamba analolitaka, na usiku ule hakutoka nyumbani kwake. Mpwa, alipohojiwa, alijitetea kwa kusema yeye ni mtu wa shule, uchawi haumwingii akilini, angekuwa huko kufanya nini? Ikiwa wale mashahidi watatu wanasema kweli, mtu aliyeleta petroli ndiye aliyeamini kidogo kuliko wote. Imani ya mtu juu ya wachawi haikutuonyesha hata kidogo atasimama upande gani wa lango.

Tena, imani ile imekuwapo miaka yote, lakini mauaji huja kwa mawimbi. Mei 2008 ilikuwa miezi michache tu baada ya ghasia za uchaguzi, wakati dola ilikuwa imepoteza sauti na vijana walikuwa wamezoea kuona moto. Tarehe 1 Januari mwaka huohuo, Kiambaa karibu na Eldoret, watu waliokimbilia kanisani walichomwa humo. Hawakukosana juu ya ubatizo wala Utatu. Waliochoma na waliochomwa walikuwa Wakristo. Anayetaka kueleza Kiambaa kwa mafundisho ya dini atatafuta asipate.

Hata hivyo siwezi kuungana na wale wanaosema dini isiguswe, maana katika kisa hiki nimeiona ikifanya kazi nikiandika taarifa kwa mikono yangu. Karatasi ya hospitali ilieleza kwamba mtoto ameuawa na ugonjwa. Haikumjibu mama kwa nini ni wake na si wa jirani. Kesha lilimjibu. Kisha ule unabii usio na jina ulikuwa na ukatili wake wa pekee: mlango wa mashariki, kuku mweusi. Katika kijiji kile milango mingi hutazama mashariki, na kuku weusi wamejaa. Maelezo yaliwaacha wasikilizaji wamalizie wenyewe, nao wakamalizia na yule ambaye tayari hakuwa na mtu wa kumtetea. Mwenye wana watatu wenye nguvu angeweza kuwa na kuku weusi ishirini.

Na lile pambio. Wengi wa vijana wale hawakuwa na shamba la kupata. Baadhi walikuwa wa kijiji cha pili na Nyanya hawamjui kwa sura. Kwao imani ilikuwa ruhusa: iliwaondolea ule woga ambao kijana wa kawaida angeupata akiwa amesimama mbele ya mlango wa bibi ya mwenzake na kiberiti mkononi. Tamaa ya Mpwa peke yake isingewakusanya vijana thelathini. Ilihitaji mtu wa kuifanya ionekane ni kazi ya Mungu, na mtu huyo alipatikana Ijumaa usiku.

Kwa hiyo lawama yangu naiweka juu ya matendo. Kusema mbele ya wafiwa kwamba aliyeua yuko karibu ni tendo, hata kama anayesema anaamini kwa moyo wote. Kunyamaza madhabahuni ukijua mazishi ni kesho ni tendo. Anayelaumu imani kwa ujumla humpa nabii yule mahali pa kujificha, kwa kuwa lawama ya watu wote haimkamati mtu yeyote. Anayelaumu shamba peke yake humsamehe nabii na mchungaji kwa pamoja.

Kilichofanya kazi usiku ule kilitoka ndani ya imani ileile. Mzee hakuwahubiria vijana kwamba uchawi haupo. Wangempita dakika ya kwanza. Alidai ushahidi kwa Kitabu wanachokiheshimu. Kwa muda mrefu mafunzo yanayotolewa kwa wazee na wachungaji yamejaa masomo ya kuwaambia watu waache kuamini. Sipingi masomo hayo kwa watoto shuleni. Lakini kati ya kifo na mazishi kuna siku nne au tano, na katika siku hizo hakuna anayebadilisha imani. Kinachoweza kubadilika ni nani anapewa kipaza sauti, na kama karatasi ya daktari inasomwa kaburini kwa idhini ya familia. Mchungaji wa kanisa la zamani sasa huiomba familia ruhusa hiyo kila mazishi ya kijana.

Kilichoshindwa zaidi ni korti, na baada yake polisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na haki hiyo ilihitaji gari moja kufika mapema. Mashahidi nao hawakuwa waoga kwa asili. Wanaishi ua kwa ua na washtakiwa, na hakuna aliyewapa ulinzi wowote. Zuio la ardhi lilifanikiwa pale kesi ya jinai iliposhindwa kwa sababu halikuhitaji shahidi.

Ndani ya timu bado hatujakubaliana juu ya kutakaswa. Mwenzangu hutukumbusha kwamba Nyanya analala chumba cha kuazima kwa binti yake wakati shamba lake lina majani mabichi, na hana makosa kulisema hilo. Kesi ya urithi inaendelea.

Hivi karibuni naibu chifu wa eneo jirani alitupigia simu: mzee wa miaka themanini ameanza kutajwa, na kuna msiba. Tulimuuliza shamba la mzee huyo limepakana na la nani, lina hati kwa jina gani, na nani atahubiri siku ya mazishi.